Uzito kwenye Ndoano Tupu

Mfuniko wa zege wa kile kisima cha zamani ulikuwa umeshawekwa pembeni, minyororo imeshafunguliwa, na ndoano ya kreni ilikuwa inaning'inia bila kitu. Lakini skrini ya uzito ndani ya kabini ilikataa kurudi sifuri. Ilionyesha uzito wa mtoto mdogo.

Dereva wa kreni, Taratibu, aliigonga kwa kidole. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu hajawahi kuinua kitu kwa pupa, hata kikombe cha chai hukishusha mezani kama kinatoka ghorofani. Akaigonga tena. Uzito ukapanda, ukawa wa mtu mzima.

"Shemeji," alisema kwenye redio, "umefungua minyororo yote?"

Mpiga ishara wake alikuwa chini, hatua chache kutoka kwenye kisima, kijana wa fulana ya njano. Alikuwa mdogo wa mke wake. Kila asubuhi mke huyo huwasindikiza hadi mlangoni na neno lake ni lilelile: "Nirudishie mdogo wangu mzima." Taratibu hulicheka, lakini hushinda nalo moyoni.

"Yote, shemeji. Kwani vipi? Kreni imeanza kuzeeka kama mwenyewe?"

Alitaka kujibu utani, harufu ikamkaba. Ilikuwa harufu ya tope la zamani na maji yaliyolala gizani, nayo ilijaa kabini ingawa mlango na vioo vilikuwa vimefungwa. Juu ya paa kitu kikaanza kudondoka, to, to, to, na nje jua la alasiri lilikuwa linawaka bila wingu hata moja.

Ndipo alipotazama chini. Kivuli cha mkono wa kreni kilikuwa kimelala uwanjani, kikafuata cha kamba ya chuma, kikafuata cha ndoano, na chini ya ndoano palikuwa na kivuli cha miguu miwili, inabembea. Kwenye ndoano yenyewe hapakuwa na kitu.

"Shemeji, toka hapo!"

"Siwezi." Sauti ya kijana ilikuwa imekauka. "Miguu haitoki. Kuna kitu kimenikanyaga."

Vile vivuli vya miguu vilikuwa vimesimama juu ya kivuli chake.

Mafundi walitimua mbio, wengine peku. Alibaki mlinzi peke yake, ameng'ang'ania geti. "Kirudisheni kilikotoka!" alipiga kelele. "Kabla hakijapata mwili!"

Taratibu naye angekimbia. Alikishika kitasa cha mlango, lakini alipoachia tu kishikio cha kuendeshea kamba, ndoano ikaporomoka kuelekea kichwani kwa shemeji yake, akarudi kukidaka huku roho imemruka. Kazi yake ina sheria ambayo hata mzembe haivunji: mzigo ukiwa juu, dereva hashuki. Akakaa. Kabini ile aliyoizoea kama kitanda chake ilikuwa imegeuka selo.

"Shusha," redio ikasema kwa sauti ya shemeji. "Shusha polepole."

Akatazama chini. Midomo ya kijana ilikuwa imefumba, na ngumi yake ilikuwa juu. Ngumi maana yake simama. Yeyote akiinyanyua, awe bosi au mpita njia, dereva anasimama. Taratibu alikuwa ameitii ngumi maisha yake yote, na akaitii tena.

Kisha akaugeuza mkono wa kreni kuelekea kisimani. Vile vivuli vikaburutika, vikamwachia kijana. Angeweza kukimbia. Hakukimbia, kwa kuwa dereva haoni ndani ya shimo na lazima mtu asimame ukingoni amwonyeshe. Akaenda kusimama, kidole kikielekea chini, kikizunguka: shusha.

Taratibu akashusha, na kadiri ndoano ilivyozama ndivyo uzito ulivyopanda, king'ora kikaanza kulia, miguu ya nyuma ya kreni ikaanza kuinuka kutoka ardhini, na ukungu mweupe ukafumka kutoka kisimani ukamfunika kijana mzima mzima, naye Taratibu alijua, alijua kabisa, kwamba usipomwona mpiga ishara wako unasimama papo hapo, lakini redio ilikuwa inasema endelea, shemeji, karibu tunamaliza, endelea, na alitaka yaishe tu, kwa hiyo akaendelea kushusha.

Sifuri.

Ukungu ulipotoweka, shemeji alikuwa ukingoni, amesimama wima. Ndoano ikarudi juu tupu. Kijana akaufunga mfuniko minyororo upesi, Taratibu akauinua, akaufunikia kisima. Ndipo akalia kwa furaha kama mtoto.

"Dada yako asijue lolote," alisema kwenye redio, huku akifuta machozi.

Kijana alikuwa anakuja kwenye kabini, anatabasamu. Fulana ilikuwa inachuruzika maji. Jua lilikuwa mgongoni kwake, na mbele yake ardhi ilikuwa nyeupe, haina kivuli. Kilichokuwa na kivuli bila mwili sasa kilikuwa na mwili bila kivuli.

Redio ikakwaruza. Sauti ilitoka mbali, yenye mwangwi, inalia. "Shemeji, pandisha. Huku giza, shemeji. Pandisha."

Minyororo ilikuwa bado imeshika mfuniko. Ilitosha kuvuta kishikio kidogo tu. Taratibu akakishika kwa mikono miwili.

Mbele ya kioo, kile kitu kikanyanyua ngumi.

Mikono ikakataa. Alijiapiza, akajilaani, akalia, mikono ikakataa kabisa, huku redio inaita, inaita, inafifia.

Mlango wa kabini ukafunguliwa kutoka nje, harufu ya tope ikaingia.

"Shuka, shemeji," kilisema. "Twende nyumbani. Dada anatusubiri."