Sekunde ya Tisa

Kila kibonye cha kinanda cha Gildas kilivuta utepe wenye noti iliyorekodiwa ya sekunde nane tu, kisha kimya. Jumatatu moja ya Februari 1975, baada ya chakula cha mchana, Gildas alibonyeza noti ya re, akahesabu mpaka nane kama kawaida yake, lakini sauti haikukatika. Iliingia sekunde ya tisa. Kisha ikavuta pumzi.

Ilikuwa sauti ya mkewe. Edwige alikuwa ameziimba na kuzirekodi noti zote thelathini na tano za kinanda hicho, moja moja, ndani ya banda hili hili la Mayenne ambamo bendi iliishi na kufanya mazoezi, wiki tatu kabla gari lake halijapinduka na kuwaka moto akitoka kwenye onyesho la Laval.

"Umesikia?" Gildas alinong'ona.

Patrice, mpiga dramu na kiongozi wao, hakuinua kichwa. "Mkeo hakuwahi kujua kunyamaza, mzee. Piga."

Nyimbo zote za santuri waliyokuwa wakiiandaa zilikuwa za Edwige. Lakini mtu asiyefanya mtihani wa chama cha watunzi hakuweza kusajili muziki wake, na Edwige aliuahirisha mtihani huo mara mbili. Basi Patrice, ambaye alikuwa amefaulu, alizisajili kwa jina lake, "kwa muda tu." Edwige alipokufa, muda ule haukuisha. Jalada lilikuwa tayari kwa mchapaji, limeandikwa: mtunzi, Patrice Vauquelin. Gildas aliliona akanyamaza, kwa kuwa alitaka santuri itoke.

Jumanne banda lilinuka petroli na sufu iliyoungua. Jumatano walimwita Mama Clémence, mganga wa kijiji jirani, ambaye watu walimwendea awapulizie majeraha ya moto yapoe. Alisimama mlangoni na buti zake za matope, asiingie.

"Huyu simtoi," alisema taratibu. "Hajapotea njia, wanangu. Yuko kwake. Mrudishieni jina lake."

"Mama, we pulizia watu malengelenge," Patrice alicheka. "Karatasi zina jina langu. Au siyo, Gildas?"



Ndipo vibonye vikaanza kuzama bila mkono juu yake, kimoja, kisha viwili, kisha vyote thelathini na tano kwa pamoja, na sauti ikapanda isikatike, ikapita sekunde ya tisa na ya ishirini na ya sitini, ikajaza banda na vifua vya waliokuwamo, hata Patrice alipofungua mdomo kupiga kelele kilichotoka ni sauti ya mwanamke, safi, isiyopumua, na moshi mwembamba ukaifuata kutoka kati ya meno yake, mpaka akaangukia dramu zake. Mama Clémence alipiga goti akampulizia mdomoni mara tatu. Moto ule haukupoa.

Gildas alikimbilia simu ya jikoni. Akampigia mchapaji.

"Napiga kutoka kwenye bendi," alisema akihema. "Lile jina la mtunzi, libadilishe. Andika Edwige."

"Mbona nimeshabadilisha? Mwenyewe alipiga asubuhi. Akanitajia herufi moja moja, dada wa watu, ana sauti nzuri kweli." Mchapaji alikohoa. "Halafu akaniagiza niweke ule msalaba mdogo tunaowawekea marehemu. Mbele ya jina la Patrice, kwenye orodha ya wanabendi. Poleni sana. Amefariki lini?"

Gildas aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili. "La Patrice peke yake?"

Karatasi zilichakarika upande wa pili.

"Hapana, ni mawili. La Patrice na la Gildas, mumewe. Samahani, bwana, umesema wewe ni nani?"