Mwanamke Aliyesimama Wima Ndani ya Darubini

Jua lilikuwa linazama nilipomsindikiza mama kwa mwalimu Hiribae, hapa kijijini Ngao, kando ya mto, kumpelekea ndizi. Mwalimu alifundisha fizikia hadi akastaafu. Juu ya nyumba yake amejenga chumba cha kutazamia nyota, chenye paa la mabati linalosukumwa pembeni.

"Pandeni muuone mwezi," alisema.

Mama akaketi kwenye ndoo nyuma yangu, akihema kwa sababu ya ngazi. Mwalimu akanionyesha darubini.

"Lenzi kubwa ya mbele inakusanya mwanga na kuukutanisha mahali pamoja. Hii ndogo ya nyuma inaukuza. Lakini mwanga ukishakutana hupishana. Wa juu huenda chini, wa chini juu. Kila kitu utakiona kimepinduka."

Niliuona mwezi, una mashimo kama ngozi ya mgonjwa wa ndui. Mwalimu alipogeuka kuzungumza na mama, nikaishusha darubini hadi ng'ambo ya mto, kwenye shamba letu la mpunga. Tuneya, mdogo wangu, alikuwa ameshinda huko akifukuza ndege.

Kweli, dunia ilikuwa imepinduka. Mto juu, mbingu chini. Tuneya naye kichwa chini, akijifunga kanga. Nikacheka.

Kisha nikamwona mwanamke kando yake.

Alikuwa wima.

Ardhi yote imepinduka... yeye hajapinduka.

"Mwalimu," nikanong'ona, "kuna mtu kule yuko sawasawa."

Hakuuliza maana yake. Alichungulia, akajitoa haraka.

"Mpigie mdogo wako. Sasa hivi!"

Simu ikaita... ikaita... ikapokelewa.

"Tuneya, uko na nani?"

"Na mama. Amekuja kunichukua. Anasema tuache mtumbwi, tuvuke kwa miguu huku chini, maji yamepungua."

Huko chini ndiko kwenye mamba.

Nikageuka. Mama alikuwa palepale, kwenye ndoo.

Akaninyang'anya simu. "Tuneya mwanangu, mimi niko hapa kwa mwalimu. Huyo usimfuate! Panda mtumbwi, piga kafi, usitazame nyuma."

Harufu ya matope mabichi ikapanda hadi pale juu.

Nilipochungulia tena, mtumbwi ulikuwa katikati ya mto. Mwanamke amebaki ukingoni. Polepole akageuza uso, akatazama moja kwa moja ndani ya lenzi.

Uso wa mama.

Mwalimu akaifunika darubini kwa shuka. "Nilimwona mwaka wa mafuriko," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho yake tulizika mtu. Tangu hapo siielekezi mtoni. Nilipaswa kukuonya mapema."

Tulikimbia hadi ukingoni. Tuneya alishuka mtumbwini akitetemeka. Mama akamkunjulia mikono.

Tuneya akajificha nyuma yangu.

"Ni mimi, mwanangu," mama akasema.

Tuneya akanisogelea sikioni, pumzi yake baridi.

"Yule wa kule alikuwa anasikia simu. Akacheka. Akaniambia, huyo aliye juu ya paa ndiye si mama yako."

Tangu siku hiyo Tuneya hali chakula alichopakuliwa na mama. Anajipakulia mwenyewe. Mama anamwona, wala haulizi kwa nini. Anatabasamu tu.

Juzi, na mimi nilianza kujipakulia.