Joto la Mfukoni

Jumamosi sokoni ni vurugu, nani asiyejua? Kwenye ngazi za jengo la soko watu walikuwa wakisukumana kama siafu, na katikati yao alishuka dada mmoja mwembamba, gauni la kijani, mkoba begani, peke yake kama kawaida yake. Kiwiko cha mtu kikamgonga, miwani ikaruka, na kabla hajainama kiatu kikaikanyaga.

"Jamani, macho yangu!"

"Tulia hapo hapo, dada, usisogee." Ilikuwa sauti ya mwanamume. Dada aliona shati jeupe tu; uso ulikuwa ukungu. "Una bahati, umeangushia miwani mlangoni kwa daktari wake. Mimi fundi miwani, meza yangu hii hapa chini ya ngazi."

"Kioo kimevunjika?"

"Kina ufa. Nipe mkono nikukalishe, usije ukamkalia mteja wangu."

Dada akacheka, akajishangaa. Fundi alidondosha tone la gundi, akalimulika kwa taa ndogo hadi likakauka, akasugua, akamvisha miwani. Dada aliutafuta ule ufa asiuone. Alichokiona ni mwanamume mwenye mwanya, anamtazama kwa wasiwasi kama mwanafunzi anayesubiri alama.

"Gundi hii umeinunua wapi?" akauliza, hata asante kasahau.

"Sikuinunua. Naichanganya mwenyewe."

Mapenzi ya wengine huanza kwa maua. Haya yalianza kwa gundi, sasa tufanyeje?

Maana yule dada alikuwa mpimaji. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha chini cha maabara, kisicho na dirisha, mbele ya hadubini ya aina yake. Kitu kisicho na rangi, ambacho macho yako na yangu yangepita bila kukiona, hadubini ile ilikiona, kwa sababu mwanga ukipita ndani ya kitu huchelewa, na yeye alipima umechelewa kiasi gani. Hadubini haikupenda mtikisiko hata wa nyayo, kwa hiyo chumbani mlikuwa na kigoda kimoja, na mtu mmoja. Alikuwa amezoea. Au tuseme alikuwa akidanganya watu kwamba amezoea.

Simu zikaanza. "Mpimaji wangu, umekula?" "Nimekula, Fundi." "Umekula nini?" "Mkate." "Na nani?" Hapo hugeuza mazungumzo.

Siku moja Fundi akamweleza lililomkaa rohoni. Karakana kubwa ya miwani pale mjini ilitaka kuichukua gundi yake, lakini kwanza ithibitishwe kwamba inapinda mwanga sawasawa na kioo. Ikithibitika, anabaki mjini na kazi yake. Isipothibitika, kaka yake anamsubiri kwenye machimbo ya mawe, mbali huko, na meza ya chini ya ngazi ndiyo kwaheri.

"Nitakupimia mimi," akasema Mpimaji.

Jumamosi iliyofuata akapewa kipande cha gundi iliyokauka, kinene kama kifungo cha koti, ndani yake kimefungiwa kijisehemu cha kioo. Gundi ikilingana na kioo, ukingo wa kile kioo hautaonekana kabisa hadubinini. Fundi alikiviringisha kwa kitambaa cha kufutia miwani, akamtilia kiganjani, akamfumba vidole. Kwa Mpimaji hiyo ilikuwa zawadi. Miaka mingi hakuna mtu aliyemtilia kitu mkononi. Akakitia mfuko wa blauzi, upande wa moyo, akakaa nacho Jumapili nzima, akalala nacho, na asubuhi akaenda nacho kazini vile vile.

Hajavua koti, simu ikalia. "Mpimaji wangu, vipi? Roho iko juu huku!" Akakitoa mfukoni, akakiweka chini ya lenzi moja kwa moja. Kwenye kioo cha kompyuta ukingo ukatokea, wazi, kama ufa wa kikombe.

"Haifai, Fundi," akasema simuni. "Inapinda mwanga pungufu ya kioo."

"Pungufu sana?"

"Kiasi cha kutosha. Vipimo havina mapenzi."

Ndivyo alivyowajibu wateja wote, masikini; hakujua kusema kwa namna nyingine. Upande wa pili Fundi akajibu: "Sawa, dada. Asante kwa kazi."

Dada! Kumbe kwa Fundi alikuwa kipimo tu, akawaza, na akalia. Naye Fundi, chini ya ngazi, akawaza kwamba msomi yule amemtupa pamoja na gundi yake. Hakuna aliyempigia mwenzake.

Chumba cha chini kikawa kirefu kama shimo. Nyumbani sahani moja, kikombe kimoja. Mama mdogo akapiga simu.

"Mwanangu, mbona sauti kama ya mfiwa?"

"Nimechoka tu, mama."

"Umechoka na nani? Mficha uchi hazai, mwanangu."

Kesho yake hakuwa na kazi, ila hamu. Kile kipande kilikuwa rafuni siku zote hizo, katika baridi ya chumba. Akakiweka chini ya lenzi, kama vile amwone Fundi kwa mara nyingine, ingawa Fundi hayumo. Ukingo haukuwepo. Akafuta lenzi, akarudia. Haukuwepo! Akakishika kiganjani mpaka kikapata joto, akakirudisha: ukingo ule pale.

Hapo akaelewa. Gundi ikipata joto hulegea, mwanga hupita upesi zaidi na kupinda pungufu, na ndiyo maana kanuni ya kwanza ya chumba kile ni kwamba kila kitu kipoe rafuni kabla ya kupimwa. Yeye, aliyewafundisha wengine kanuni hiyo, alikitoa kifuani.

Alikimbia mpaka sokoni. Fundi alikuwa akifunga taa yake kwenye sanduku.

"Gundi yako ni nzuri. Kosa ni langu."

"Kosa gani? Hadubini inakosea?"

"Haikukosea. Ilipima joto. Joto langu. Nilikiweka hapa." Akagusa blauzi. "Nililala nacho. Kwa sababu ulinipa wewe."

Mchonga funguo wa meza ya pili akaacha kusugua, sikio wima. Fundi akafungua mdomo, mwanya ukaonekana.

"Na ukasema vipimo havina mapenzi!"

"Nilisema uongo. Usiende, Fundi. Nimechoka kula mkate peke yangu."

Mchana ule ule Mpimaji alimpeleka kwenye chumba chake cha maabara, na njiani akabeba kigoda kingine kutoka chumba cha walinzi. "Kaa. Usitikisike, usiongee." Fundi akakaa, mikono mapajani, akazuia hata pumzi. Kile kipande, kikiwa baridi, kikawekwa chini ya lenzi. Kioo cha kompyuta kikajaa kijivu, tambarare.

"Mbona sioni kitu?" akanong'ona.

"Ndiyo hivyo. Hakuna cha kuona. Imelingana."

Fundi akafuta macho kwa kitambaa cha miwani. Alipotulia akauliza, "Naruhusiwa kuongea sasa?"

"Ongea."

"Hiki kigoda nilichokalia, usikirudishe ulikokitoa."

"Ni cha walinzi."

"Basi nitawanunulia kingine. Hiki kikae hapa, na kingine nyumbani kwako, kama utanikubali niwe mumeo."

Mpimaji alitazama vigoda viwili kwenye chumba kilichokuwa na kimoja miaka yote, akaona jinsi palivyokuwa na nafasi.

"Nitakubali," akasema. "Ila nyumbani kikombe ni kimoja."

"Tutakunywa kwa zamu," akasema Fundi.