Ampli ya Mke Mwenza

Jua lilikuwa limeanza kuteremkia milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, Mwanvua alipofika mtaa wa Rohero kuchukua ampli kuukuu, mashine ya kukuza sauti, nyumbani kwa mke mwenzake, Raihana.

Hakuitaka hiyo ampli. Mumewe, Massoudi, ndiye aliyemwambia aifuate. Kwa Raihana wamebadilisha, alisema. Wameweka prosesa mpya ya sauti, ile inayogawa mlio kwenye spika za mbele, za nyuma na za darini, hata mvua ya kwenye filamu unaisikia ikikunyeshea utosini. Ile ya zamani bado nzima. Kwa nini isiende kwako Buyenzi, nawe Mama Hayat usikilize vizuri tamthilia zako?

Aliyasema kwa wema. Wema huo ndio uliomchoma.

Soko kuu lilipoungua na Massoudi akabaki na funguo za kibanda ambacho hakipo tena, ni Mwanvua aliyekaanga sambusa mlangoni pake mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Ni yeye aliyembeba mpaka akasimama tena, akapata bohari la vipuri vya magari kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Na aliposimama, akaoa. Aliyekula majivu ni Mwanvua, aliyekuta wali umeiva ni Raihana.

Hakuwa amewahi kuingia nyumba ile. Raihana alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamwita Yaya kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, akampeleka moja kwa moja chumba cha sinema. Mapazia mazito. Viti vya kujilaza. Skrini imeshika ukuta mzima. Shakuru, fundi wa vyombo vya umeme ambaye Buyenzi nzima inamjua, alikuwa akikunja nyaya za mwisho. Ampli kuukuu ilikuwa chini, imefungwa kwenye shuka.

Raihana aliongea muda wote, na Mwanvua hakusikia maneno, alisikia sauti tu. Ilikuwa sauti laini, changa, yenye maji ndani yake. Kabla ya kuolewa, binti huyo alikuwa akiimba kaswida kwenye harusi za mji, na watu walisema Massoudi aliioa ile sauti kabla hajaiona sura.

Shakuru alipotoka na mzigo kuupeleka kwenye gari, Raihana alimshika Mwanvua kiwiko. Mkono ulikuwa baridi.

"Yaya," alinong'ona. "Usiiwashe jua likizama. Mchana, sawa. Usiku, sawa. Ila magaribi, apana."

"Kwa nini?"

Raihana alitazama mlangoni. Akatikisa kichwa.

Njia nzima ya kurudi Mwanvua alikuwa akitafuna hasira. Hata makombo anayawekea masharti!

Shakuru alimfungia ampli sebuleni, akaiunganisha na televisheni na spika mbili za zamani, akaaga. Nje, nyundo za mafundi wa magari zilikuwa zikinyamaza moja moja. Anga ilikuwa nyekundu. Mwanvua alisimama mbele ya ile mashine, akanyoosha kidole, akaibonyeza kwa sababu tu ameambiwa asiibonyeze.

Taa ndogo ikawaka.

Televisheni ilikuwa imezimwa.

Sssshhh...

Kwanza ikaja harufu. Udi. Hakuwa amefukiza udi siku hiyo, na udi huu haukuwa wa nyumbani kwake. Kisha kijiko kikagonga ndani ya kikombe. Kisha mtu akaanza kuimba kwa mdomo uliofumbwa, taratibu, na Mwanvua akashika ukuta.

Ilikuwa sauti ya Raihana.

Halafu mlango ukafunguliwa, kule Rohero, na Massoudi akaingia akisalimia. Akaulizwa amekula nini mchana. Akajibu. Akacheka.

Kicheko kile Mwanvua alikijua. Kilikuwa chake yeye, zamani, kabla ya moto wa soko. Alidhani kimekufa. Kumbe kilihama tu.

Adhana ilipita juu ya paa lake naye hakuinuka. Giza lilipotimia, spika zikanyamaza zenyewe.

Kesho yake akaiwasha tena. Na kesho kutwa. Akaacha kwenda kwa majirani jioni, akaacha sala ya magharibi, akawa anavuta kigoda na kukaa sikio likigusa kitambaa cha spika. Hata siku za zamu yake, Massoudi alipitia Rohero kwanza, na Mwanvua alimsikia akisema huko maneno ambayo akifika Buyenzi angekuwa amechoka kuyarudia. Walizungumza mambo madogo. Jino linalouma. Matairi yaliyokwama mpakani. Filamu gani waangalie.

Alingoja wamtaje. Alitaka wamsengenye, wamcheke, wamwite mzee, apate sababu.

Hawakumtaja. Hata siku moja. Kwenye chumba kile hakuwa adui wala mzigo. Hakuwepo kabisa.

Ndipo ikaja jioni ile.

Aliwasha kama kawaida. Udi ukaja, mzito kuliko siku zote, na chini yake harufu nyingine, kama nywele zilizoungua. Hakusikia kijiko, wala mlango, wala kuimba. Alisikia pumzi tu.

Haaa... haaa...

Haikuwa ya Massoudi. Haikuwa ya Raihana. Ilikuwa karibu, kama ya mtu aliyebana uso wake kwenye kitambaa kile kile cha spika, upande wa ndani.

"Mama Hayat."

Mwanvua akaondoa sikio kwenye kitambaa, na ile pumzi ikauliza:

"Unataka nini?"

Waya ulikuwa hapo, karibu na mguu wake. Kuuchomoa ilikuwa kazi ya kuinama tu. Hakuinama. Aliwaza kile kicheko. Aliwaza ile sauti yenye maji ndani yake. Wivu ulimpanda kifuani ukafika mdomoni, na mdomo ukafunguka.

"Ile sauti yake," akanong'ona. "Imutoke."

Pumzi ikakatika. Ikakaa. Kisha ikauliza, kwa upole mkubwa:

"Itoke, iende wapi?"

Hakuwa amefikiria hilo. Taa ndogo ikazimika, na kitu chembamba, baridi, kikamshuka kooni kama tonge la wali uliolala. Akameza.

Asubuhi, ujumbe wa Massoudi ulikuwa kwenye simu. Raihana ameamka hana sauti, wako hospitali, njoo. Mwanvua alipanda taksi bila kusema neno, akamwonyesha dereva njia kwa mkono. Moyo ulikuwa unadunda, nusu kwa hofu, nusu kwa furaha ambayo hakutaka kuitazama usoni.

Massoudi alikuwa kwenye korido na daktari. Daktari alikuwa akieleza kwamba wameangalia koo na hakuna ugonjwa, kila kitu kiko mahali pake. Mwanvua alipita, akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Raihana alikuwa amejikunja kama mtoto. Mwanvua alimwekea mkono begani.

"Pole, mudogo wangu," alisema.

Raihana aligeuka ghafla. Akamtazama mdomo. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, kinywa wazi, machozi yakishuka, na hakuna mlio hata mmoja uliotoka.

Mlango ukafunguka. Muuguzi, Chanelle, akaingiza kichwa akitabasamu.

"Amesema? Nimemusikia anasema."

"Apana. Ni mi nimesema," Mwanvua akajibu.

Tabasamu la Chanelle likafa polepole. Alimtazama Mwanvua, akamtazama mgonjwa, akafunga mlango bila kugeuza mgongo. Na nyuma yake, koridoni, Massoudi alikuwa amesimama, kiganja kwenye kifua, anatazama ndani kama mtu aliyeitwa jina.

Mwanvua hakuelewa. Nani anaijua sauti yake mwenyewe inavyosikika kwa wengine? Alielewa jioni, Hayat alipopiga simu kutoka Rumonge alikoolewa. Hayat alikuwa mwanawe wa pekee, na haikupita siku bila wao kuongea.

"Hallo, mutoto wangu."

Upande wa pili Hayat akapaza sauti kwa furaha.

"Mama mudogo? Kumbe umepona! Mupatie mama simu basi."

"Hayat, ni mi."

"Mama mudogo, apana kucheza. Mama iko wapi?"

Alimwapia. Alimtajia jina la mwanasesere wake wa utotoni, alimtajia kovu la goti na lilivyopatikana. Kadiri alivyosema ndivyo Hayat alivyozidi kulia, mpaka akasema maneno yaliyomkata mama yake vipande.

"Umemufanya nini mama yangu?"

Simu ikakatwa.

Kesho yake, jua likiwa kichwani, Mwanvua alibeba ampli mpaka kwa Shakuru. Hakumsalimia. Aliandika kwa kidole kwenye vumbi la meza: fungua. Shakuru alifungua. Ndani hamkuwa na kitu, nyaya na vyuma tu, na vumbi linalonuka udi. Akaifunga, akaichomeka kwenye umeme aijaribu.

Sssshhh...

Halafu, mchana kweupe, sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito, yenye mkwaruzo wa moshi wa sambusa, ikaita kutoka mbali.

"Hayat... Hayat..."

Mwanvua aliitambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya mtu mwingine. Alijishika koo. Shakuru alichomoa waya kwa nguvu hata soketi ikang'oka ukutani, akaketi, jasho likimtiririka.

Alipopata pumzi alizungumza bila kumtazama. Alisema mashine ile Massoudi hakuinunua popote. Ilikuwa kwao Raihana tangu kaka yake, marehemu, alipokuwa akipiga muziki kwenye harusi. Raihana alihamia nayo Rohero. Na ni yeye aliyemsumbua mumewe ibadilishwe, iwekwe prosesa mpya. Si kwa anasa. Alikuwa akiiogopa.

"Aliniambia iliwahi kumuuliza anataka nini," Shakuru akanong'ona. "Zamani, bado iko kwabo, hajaolewa. Na alijibu."

"Alijibu nini?"

Fundi alishtuka kuisikia sauti ile kutoka kwenye uso ule. Akashika tasbihi yake.

"Hakuniambia. Ila mwezi ule ule, Massoudi alianza kupita pale kwabo." Akaisukuma ampli upande wake. "Ichukue, Mama Hayat. Hapa haikai."

Raihana alirudishwa kwao. Hakuna aliyempa talaka. Alirudishwa apumzike, walisema. Mwanvua alikwenda kumwona mara moja, akamkuta juu ya mkeka, msahafu mbele yake, midomo ikienda bila mlio wowote. Hakumkemea mgeni wake wala hakumfukuza. Alimtazama tu kwa macho ya mtu anayejua deni limetoka wapi na limeishia wapi.

Kutoka hapo Mwanvua aliamua. Atairudisha ile sauti. Kila mtu achukue yake. Hayat apate mama yake, Raihana apate koo lake, na Massoudi... Massoudi aende anakokwenda.

Maana Massoudi alikuwa amerudi nyumbani. Chumba cha sinema cha Rohero kilifungwa kwa kufuli, prosesa mpya na yote. Siku hizi alifika Buyenzi mapema, akajilaza, akafumba macho, akasema, "Sema, Mama Hayat. Sema chochote." Akisema, alitabasamu. Alicheka kile kicheko. Alimshika mkono kama zamani. Lakini hakufumbua macho. Taa ikiwashwa, tabasamu liliondoka.

Jioni hiyo, mumewe akiwa chumbani, Mwanvua aliifunua ampli sebuleni, akaichomeka. Anga ilikuwa nyekundu. Taa ndogo ikawaka.

Udi. Nywele zilizoungua.

Haaa... haaa...

"Unataka nini?"

Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. Akafungua kinywa. Nyuma ya ile pumzi, mbali sana, alijisikia mwenyewe akiita, kwa sauti yake ya mkwaruzo, akimtafuta mwanawe. Hayat... Hayat...

Ndipo Massoudi akaita kutoka chumbani. Hakuwa amewahi kukosea jina, hata mara moja, tangu siku alipooa mke wa pili. Aliita polepole, kwa mapenzi ambayo Mwanvua aliyasikia mara ya mwisho akiwa msichana.

"Raihana?"

Mwanvua akageuza uso kuelekea chumbani.

"Unataka nini?" spika ikarudia.

"Raihana," Massoudi akaita tena. "Unakuja?"

Mwanvua aliinama, akachomoa waya. Ile sauti ya mbali ikakatika katikati ya jina.

"Nakuja," akaitika.

Ikatoka tamu, laini, yenye maji ndani yake, na wivu ukamkaba palepale kooni ilipotokea.