Lango Jekundu la Adhis

Kwa heshima zote za walimu wa zamu, na kwa niaba ya bweni zima la kidato cha tatu, mimi Ndinda Muia natangaza rasmi hadithi ya mapenzi ambayo haijapata kutokea tangu Nairobi iwe Nairobi. Ilianza kwa glavu ya mtumba iliyotoboka kidole gumba.

Ilikuwa soko la Toi, Novemba mwaka 2007. Wachuuzi walipiga kelele juu ya mirundo ya nguo, na magari ya kampeni yalipiga kelele juu ya wachuuzi. Kaka yangu Mutinda, shati jeupe limechomekwa kama mtu anayekwenda kuomba kazi, alishika glavu ya kulia. Wakati huohuo msichana mwenye ovaroli ya buluu na hereni kubwa nyekundu, jina lake Adhis, akashika ya kushoto. Zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi.

"Niaje, boss. Achilia."

"Nahitaji moja tu."

"Kwani uko na mkono mmoja?"

"Nataka kuifunga nyaya. Ukiivaa, unaingia ndani ya kompyuta."

Adhis akamkagua kuanzia viatu. "Mimi huchomelea milango pale Makina, Kibera. Hakuna mahali huingia bila mlango."

Akaondoka na glavu zote mbili. Mutinda akafuata glavu.

Mutinda alisomea kompyuta katika chuo kidogo kando ya Ngong Road. Mwalimu wake, Khamala, alimtaka alijenge soko hilo ndani ya mashine, pamoja na vijia vyote vya kutoka Kibera hadi Kawangware, kisha awashe moto wa kuigiza aone watu wa kompyuta watakimbilia wapi. Hakujenga kwa kuandika. Alivaa kofia nzito yenye viskrini viwili mbele ya macho, akavaa ile glavu ya kulia, ambayo Adhis alimwachia hatimaye akaifunga nyaya, akashika ukuta hewani na kuusimamisha alipotaka.

Siku Adhis alipovaa kofia hiyo, alipapasa kuta za hewani moja baada ya nyingine.

"Prof, soko lako halina hata mlango mmoja."

"Ni modeli tu, Fundi wangu."

"Fundi wako tangu lini?"

"Tangu glavu."

Akacheka, akanyoosha mkono hewani na kuanza kujenga. Mwishoni mwa kijia kinachotoka Makina kuelekea kwetu alisimamisha lango, akalipaka rangi ya hereni zake.

"La nini hili?" Mutinda akauliza.

"La mahari. Nimelifanya pana, litoshe ng'ombe."

"Kwetu huwa ni mbuzi."

"Mbuzi watapita, nafasi ibaki. Sisi hatubagui."

Kisha, Desemba, tukapiga kura, na mapigano ya kikabila yaliyofuata mnayajua. Soko likateketea. Watu wa kweli hawakukimbia kama wale wa kompyuta, kwa sababu wale wa kompyuta hawakuulizana majina kabla ya kupishana.

Khamala aliogopa chuo kitavunjwa, akamwomba Mutinda aihamishie mashine kwetu, Kawangware 46. Kila jioni Mutinda alisikiliza redio, kisha akavaa kofia na kufunga kila njia iliyotajwa. Ndivyo alivyofunzwa: modeli isiyofuata hali ilivyo inadanganya. Januari, mkubwa mmoja wa kwetu Ukambani akakubali cheo katika serikali ambayo akina Adhis walisema imewaibia kura. Kule Makina, Okeyo, kaka yake Adhis, alimwambia, "Huyo Mkamba wako asionekane hapa. Wametuuza." Jioni hiyo redio ikasema kijia cha Makina hakipitiki. Mutinda akafunga lango jekundu.

Asubuhi yake Adhis akabisha mlangoni petu, leso kichwani, vumbi hadi magotini. Mama akampa chai. Kabla ya kuinywa akaomba kofia.

"Wacha nione lango langu." Akageuza kichwa huku na huku. "Limefungwa."

"Redio ilisema hakupitiki."

"Nani alifunga?"

"Mimi. Lakini Fundi, modeli lazima ifuate..."

"Nimepita hapo saa hii, Mutinda." Hakumwita Prof. "Vijana waliniuliza naenda kwa nani. Nikawaambia."

Mutinda akaanza kupangua nyaya mezani.

"Ungenipigia. Wewe uliuliza redio."

Akaweka ile glavu ya kushoto juu ya kibodi na kuondoka. Chai ilibaki imejaa.

Maduka ya kredo ya simu yalikuwa yamefungwa. Mutinda alizunguka mtaa mzima wa Kabiro hadi akapata kadi moja ndogo kwa mama wa mboga, akampigia Adhis.

"Fundi wangu."

"Tuko kwa lori. Mama amesema twende ushago, Siaya."

"Ningojee. Nakuja."

"Utapitia wapi, Prof?"

Mutinda akahesabu kwa vidole njia alizokuwa amefunga.

"Pitia langoni," Adhis akasema polepole. "Mimi niko upande huu." Kadi ikaisha.

Basi Mutinda akakimbia. Alipita moshi, akapita mawe, na mbele yake lango jekundu lilikuwa wazi. Adhis akaruka kutoka kwenye lori, hereni zikimetameta. "Umechelewa," akasema. "Nilikuwa natafuta mbuzi," akajibu Mutinda, akapiga goti kwenye majivu, na Adhis akakubali kabla hajaulizwa.

"Ndinda."

Mutinda amesimama nyuma yangu, anasoma ninayoandika.

"Hilo lango jekundu liko wapi Nairobi hii?"

Sawa. Nakiri. Liko ndani ya mashine tu. Siku ile Mutinda alifika kwenye kona ya kijia cha Makina, akaona moshi, akasimama. Hakuna aliyemgusa. Alisimama hadi lori likawa limeondoka, akarudi nyumbani, na tangu hapo mteja wa nambari hiyo hapatikani. Kukutana kwao nilikuunda mimi jana mchana alipokuwa amelala. Nilivaa kofia, nikafungua lango, nikaweka mtu wa shati jeupe upande huu na mwenye hereni upande ule, nikawaachilia.

"Ukifungua njia zote, lazima wakutane," akasema. "Hiyo si modeli. Huo ni uongo."

"Najua."

Nikangoja kofi. Mutinda akaketi mbele ya mashine, akavaa kofia, akakaza mikanda yake.

"Endesha tena," akasema.