Mlango Uliojua Njaa

Saa saba kamili mchana, mlango wa bwalo la Sekondari ya Wasichana ya Nyota Njema ulimkagua mwanafunzi aliyesimama mbele yake, ukatoa hukumu kwa sauti ya shangazi aliyesoma sana: "Njaa ya moyo. Toka kwenye foleni, mwanangu, ukapumue."

Mwanafunzi huyo alikuwa Sekela Mwambene wa kidato cha tatu. Hukumu hiyo ilikuwa ya kumi na mbili.

Mlango uliitwa kipimanjaa. Ulisoma mapigo ya moyo, joto la ngozi na harufu ya pumzi, ukatenganisha njaa ya tumbo na njaa ya huzuni. Mwenye ya tumbo alipewa wali maharage. Mwenye ya huzuni alipelekwa chumba cha utulivu, akavute pumzi dakika ishirini. Akirudi alikuta ukoko, na ukoko wenyewe umeshagombewa na kidato cha nne. Sayansi ilikuwa imetukuka.

Na tuseme haki: mlango haukuwa mwongo. Tangu baba yake afariki, Sekela alikula bila njaa. Alijifungia stoo ya matranka akala maandazi sita mfululizo, akabwia sukari kwa kiganja, tumbo likamuuma, akaendelea. Lakini kule kwenye utulivu wa lazima aliwaza hadi akaelewa jambo ambalo mlango haukuligundua. Kila alipotaka kupiga kelele, alitia kitu mdomoni. Mdomo uliojaa hausemi.

Naye alikuwa na la kusema. Walimu walimnyima ruhusa ya kwenda kuzika, ati mitihani. Sasa arobaini ilikuwa Jumamosi, na barua yake ya pili ya kuomba ruhusa ililala kwenye kibao cha kielektroniki cha Mwalimu Ng'wandu, mtaalamu aliyebuni mlango.

Leo Sekela hakutoka kwenye foleni.

"We Sekela, sogea bwana!" alifoka Tulinagwe, jirani yake wa kitanda. "Kapumue, wenzio tunakufa njaa."

"Nimepumua siku kumi na moja, Tuli. Pumzi zimekwisha."

Mwalimu Ng'wandu alifika mbio, kibao kwapani. "Mwambene, mashine haikuonei. Inakufundisha usile hisia zako."

"Imenifundisha, mwalimu. Leo nazitema." Sauti yake ilipanda hadi wapishi wakaacha miiko. "Mlininyima kumzika baba yangu! Mara kumi na mbili mlango wenu umejua nina huzuni. Umewahi kuuliza nimefiwa na nani?"

Mwalimu alitazama kibao. Kulikuwa na safu ya mapigo, ya joto, ya pumzi. Safu ya sababu haikuwepo.

"Hata mimi haujaniuliza," alisema Tulinagwe polepole, akaondoa mkono ambao, kwa sheria ya foleni, alikuwa ameuweka begani kwa aliyemtangulia.

Minong'ono ikaanza kutambaa kwenye foleni. Mwalimu akaingiwa na hofu. Akakimbilia sufuria ya walimu, akachomoa paja la kuku kwa mkono, akalibwaga kwenye sahani. "Basi, basi, mwanangu. Kula kwanza, tutazungumza."

Paja lilinukia vizuri. Sekela alilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba mate hayakumtoka.

"Hili ni la kunishibisha, mwalimu, au la kuninyamazisha?"

Mwalimu Ng'wandu aliisogeza sahani karibu yake zaidi.

"Weka dole gumba kwenye barua yangu, uiidhinishe. Basi la Tukuyu linaondoka saa tisa."

Dole lilikuwa na mafuta ya kuku. Kibao kikalikataa mara mbili. Akalifuta kwenye suruali yake, mbele ya wasichana mia tatu wenye njaa, akabonyeza tena. Safari hii kibao kikakubali.