Sehemu ya Ishirini na Sita

Kilichoibwa kilikuwa kanda moja tu, na katika chumba chenye kanda elfu nne mwizi hakugusa nyingine hata kwa bahati mbaya.

Inspekta alisimama mbele ya rafu ya kumi na moja akitazama pengo la upana wa kiganja. Vumbi la pande zote mbili lilikuwa limetulia tuli. Mlangoni, kufuli lililokatwa lilikuwa bado linaning'inia.

"Nani aligundua?"

"Mimi, saa mbili asubuhi hii."

Aliyejibu alikuwa mtunza kanda wa kituo cha televisheni, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye wenzake walimwita Mama Vumbi na yeye alishaacha kukasirika. Alieleza kwamba kila Jumatatu huteremsha kanda itakayorushwa Ijumaa, akaifuta vumbi na kuizungusha mbele na nyuma isije ikakwama hewani. Kwa wiki ishirini na tano kituo kilikuwa kinarudia *Chumba cha Shangazi*, tamthilia iliyorushwa mara moja tu, zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Ijumaa hii ilikuwa zamu ya sehemu ya ishirini na sita, ya mwisho.

"Kuna nakala nyingine?"

"Hakuna. Enzi hizo kanda zilikuwa adimu. Kipindi kikisharushwa, kanda inafutwa, inarekodiwa kitu kingine."

"Na hizi zilinusurikaje?"

"Fundi alizing'ang'ania. Aligombana na wakubwa watano, mmoja baada ya mwingine."

Inspekta aliangalia maboksi. Hayakuwa na majina, yalikuwa na namba tu. Aliuliza ni nani anayejua namba ipi ni ya kipindi gani. Mama Vumbi alisema ni yeye mwenyewe na Fundi. Fundi alistaafu zamani, lakini mashine ya kusomea kanda hizo ni kongwe na haimsikii mtu mwingine, kwa hiyo huja kila Jumanne kuibembeleza. Ufunguo anao, ndiyo.

Sajini alikuwa amepiga magoti kizingitini na karatasi nyeupe mkononi.

"Afande, njoo uone. Chenga za chuma."

"Ziko wapi?"

"Zote ziko ndani. Nje hakuna hata moja."

Kufuli lilikatwa kwa msumeno wakati mlango uko wazi. Mtu aliingia kwa ufunguo wake, akachukua alichokijua, kisha akajipa kazi ya kuonekana mwizi. Inspekta aliagiza alama za vidole zichukuliwe hata hivyo, maana mkuu wake angeziuliza.

Kwenye korido alikuta mwanamke ameketi peke yake kwenye benchi, mkoba mapajani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, binti wa marehemu aliyeigiza Shangazi. Alikuwa amealikwa studio Ijumaa, aitazame sehemu ya mwisho kiti cha mbele. Habari ya wizi aliisikia redioni akiwa darasani, akawaacha wanafunzi na swali la tatu.

"Unaikumbuka hiyo tamthilia, Inspekta?"

"Naikumbuka."

"Basi unamjua Shangazi. Anamnyima chakula mtoto wa kaka yake, anamfungia chumbani, anamsingizia." Alisema bila kupandisha sauti. "Watu walimzomea mama yangu sokoni. Alifariki wiki tatu baada ya kurekodi sehemu ya mwisho, mimi nina miezi kumi. Sauti yake siikumbuki, wala harufu yake. Shuleni waliniita mtoto wa mchawi."

Inspekta aliketi kwenye benchi, akiacha nafasi kati yao.

Mwalimu alieleza kilichomlea. Fundi, ambaye alimwita baba mdogo ingawa hawakuwa na damu moja, alikuwepo siku ya kurekodi. Kila alipozomewa akarudi nyumbani analia, Fundi alimsimulia mwisho wenyewe. Shangazi amebeba sanduku lake, anaondoka. Anafika mlangoni, anasimama, anageuka. Anarudi hadi kitandani kwa yule mtoto, anamfunika shuka, anamwambia, lala, sikuwahi kukuchukia.

"Nimetazama sehemu ishirini na tano mama yangu akiwa mtu mbaya," alisema. "Nilikuwa nasubiri hiyo moja. Nataka kuuona uso wake akisema hivyo, basi. Nitafutie hiyo kanda."

Inspekta aliahidi kujitahidi. Ila kitu kimoja kilimtatiza. Yeye aliikumbuka sehemu ya mwisho vizuri sana, na haikuwa hivyo. Alikumbuka Shangazi akizichoma barua zote za kaka yake jikoni, moja moja, huku akicheka.

Basi akaanza kuuliza watu, kwa desturi tu ya kazi. Mlinzi wa getini aliapa kwamba Shangazi aliolewa na yule mwenye duka. Dereva wa kituo alimcheka mlinzi, akasema Shangazi alianguka ngazini akavunjika nyonga, na yeye aliona kwa macho yake. Mama yake sajini, kwa simu, alisema Shangazi aliomba radhi mbele ya ukoo mzima, na kwamba yeye alilia hadi mumewe akamkataza.

Mashahidi wakitofautiana kidogo, walikuwepo. Wakitofautiana kabisa, hakuna aliyekuwepo. Inspekta alijua hilo tangu akiwa konstebo, lakini hakuwahi kulitumia dhidi ya kumbukumbu yake mwenyewe.

Aliomba daftari la matangazo la mwaka ule. Mama Vumbi alilileta limefungwa kwa kamba. Ndani, kila kipindi kilikuwa na mstari wake: jina, muda wa kuanza, muda wa kumalizika, saini ya mtangazaji wa zamu. Inspekta alipitisha kidole kwenye sehemu ya ishirini na tatu. Saa mbili na dakika nne na sekunde kumi na moja. Ya ishirini na nne, saa mbili na dakika moja na sekunde hamsini. Ya ishirini na tano, saa mbili na dakika saba, pakiwa na maelezo mafupi ya hasira kuhusu msoma habari aliyeropoka kupita muda wake.

Ya ishirini na sita ilianza saa mbili kamili. Ilimalizika saa mbili na nusu kamili.

"Mama, kipindi kiliwahi kuanza saa mbili kamili hapa?"

Mama Vumbi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hapa? Tangu kituo kijengwe? Hakijawahi, na hakitawahi."

"Saini hii ni ya nani?"

Aliinamia ukurasa, akavua miwani, akaivaa tena. Saini ilifanana na ya mtangazaji wa zamu, alisema, ila mtangazaji yule alitumia mkono wa kushoto na wino wake siku zote ulichafuka. Hapa wino ulikuwa safi.

Yeyote aliyeandika mstari ule hakuwahi kukaa kwenye kiti cha zamu. Alijua ratiba tu.

Lilibaki daftari moja. Mnara wa kurushia matangazo, nje ya mji, ulikuwa na mafundi wake na kumbukumbu zake, na hakuna aliyefikiria kuzichezea. Sajini alikwenda akarudi na nakala ya ukurasa. Alhamisi ile iliyopangiwa sehemu ya mwisho, mtambo wa mnara ulizimika saa moja na dakika arobaini na nane usiku. Uliwaka tena saa nne. Kilichozima mtambo kilizima pia umeme wa nusu ya mji, na kila mtu akadhani ni kwake tu.

Hakuna mtu aliyeiona sehemu ya ishirini na sita. Haikurushwa.

Inspekta alikaa na karatasi ile mezani kwake hadi chai ikapoa. Alhamisi ile aliikumbuka sasa jinsi ilivyokuwa. Alikuwa kijana, sebuleni kwa wakwe, amekaa karibu na mchumba wake kuliko ilivyoruhusiwa. Taa zilizimika. Mchumba wake akasema wasisononeke, yeye anajua mwisho, akaanza kusimulia gizani: barua, moto, kicheko. Alikuwa na kipaji cha uongo mtamu. Baadaye akawa mkewe, na sasa ni mwaka wa nne tangu amzike. Kumbe picha ile ya moto aliyoitunza miaka yote ilikuwa sauti yake tu. Inspekta alimkumbuka mkewe kwa nguvu ambayo hakuitegemea saa za kazi, akainuka akaenda kunawa uso.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Fundi hakuja kituoni. Walimfuata kwake, chumba na sebule mwisho wa uchochoro. Alifungua kabla hawajabisha mara ya pili.

Ndani kulikuwa na televisheni tisa, zote kongwe, tatu zinawaka bila sauti. Kiti kilikuwa kimoja. Kikombe kimoja, sahani moja, kijiko. Juu ya meza, boksi namba 1126, wala hakulificha.

"Umechelewa, afande," alisema. "Jana nilikuwekea maji ya chai."

"Mzee, nani alikata kufuli?"

"Mimi."

"Mlango ukiwa wazi."

"Ukiwa wazi. Sijawahi kuiba, nilijifunza hapo hapo."

"Ndani ya kanda kuna nini?"

Fundi alikaa kitandani ili kumwachia mgeni kiti. Akasema, "Mpira. Nusu fainali, na kipindi cha pili kimekatika."

Alieleza yote bila kuulizwa tena. Siku mbili baada ya Alhamisi ile aliletewa amri ya kurekodi mechi, na kanda tupu hakuna. Desturi ilikuwa moja: fundi huangalia orodha ya vipindi, na chochote ambacho tarehe yake imepita ni halali kufutwa. Sehemu ya ishirini na sita tarehe yake ilikuwa imepita. Yeye Alhamisi alikuwa likizo, habari ya mnara hakuisikia. Alifuta. Jumatatu mpangaji wa vipindi alikuja kuulizia ile kanda ya Alhamisi, waipange tena, na hapo Fundi akajua haikuwa imerushwa.

"Ukurasa ulikuwa mtupu," alisema. "Nikaujaza. Nikasema umeme ulikatika majumbani tu, kanda ilirushwa Alhamisi saa yake; mtangazaji wa zamu hawakumuuliza, wakaniamini kwa sababu daftari lilisema. Nilikuwa na woga wa kazi, sikatai. Wiki ya tatu yule mama akafariki. Hapo ndipo nilipojua nimefuta nini."

"Ndiyo maana ukazilinda zile nyingine."

"Ningefanya nini tena?"

"Na miezi sita hii? Kituo kilipotangaza marudio, kwa nini hukusema?"

"Kila Jumanne nilikwenda nimeshaamua. Kila Jumanne nilikuta yule mtoto amepiga simu kuulizia zimebaki sehemu ngapi." Aliutazama mkono wake. "Ningesema kosa langu, afande. Ningefungwa, sijali, humu ndani na kule kuna tofauti gani? Lakini ningesema kanda haina kitu, angeniuliza ilikuwa na nini. Na mimi nilishamwambia."

Inspekta alielewa, akauliza hata hivyo, kwa sababu lazima lisemwe.

"Shangazi aligeuka mlangoni?"

"Hakugeuka."

"Shuka? Yale maneno?"

"Yangu. Alikuwa na miaka sita, ametoka shule na jiwe limempasua hapa, kwenye nyusi. Ningemwambia nini? Nilitaka iibwe, kanda iwe imeibwa tu. Kitu kilichoibwa mtu anaweza kuamini kiko mahali."

Kulikuwa na mtu mlangoni. Sajini alikuwa amempigia simu mwalimu aje kituo cha polisi, na mwalimu, kwa kuwa alijua uchochoro ule tangu utoto, alikuja moja kwa moja hapa. Haikujulikana amesimama kwa muda gani. Alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili.

Fundi alisogea kitandani, akampisha nafasi.

"Baba mdogo," alisema mwalimu. "Hakusema vile?"

"Hakusema, mwanangu."

"Alifanya nini?"

"Aliondoka. Alichukua sanduku, akatoka, akafunga mlango. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. Machozi hayakuja. Alionekana mtu aliyemaliza hesabu ndefu akapata sifuri, akaanza kuipitia upya. Inspekta alimpisha kile kiti kimoja, na yeye hakukaa.

"Hakugeuka hata kidogo?"

"Hakugeuka. Ilibidi mwongozaji amwambie arudie, maana alitoka kwa haraka kupita kiasi, na yeye akakataa kurudia." Fundi alikohoa. "Wewe ulikuwa nyuma ya mlango ule. Nilikuwa nimekupakata mimi, siku ile hakupata mtu wa kumwachia. Ulianza kulia katikati ya picha. Alitoka pale akalitupa sanduku chini, akaja akakuchukua."

Zile televisheni tatu zilikuwa zinaonyesha mtu anayesoma habari.

Kwa miaka ishirini na sita kazi ya Inspekta ilikuwa kujua ni lini mtu anadanganya. Angeweza kumtazama Fundi usoni wakati ule, akajua. Aliinamia daftari lake, akaandika namba ya boksi na saa ya kukamata.

Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, kando ya Fundi, mabega yao yakigusana.

"Nililia sana?" aliuliza.

"Sana. Mpaka ulipomwona."